Bandama Halipapasiki

3 Februari 1979

Mwanangu,

Marahaba, kwa ile shikamoo uliyoisahau kwenye kadi yako ya mwaka mpya. Huku tuko wazima kwa kadiri ya watu wa huku. Bibi yako sasa anasikia kwa sikio moja, na ameamua hilo moja liwe la kusikia mabaya tu. Fundi Kimya, msaidizi wangu wa karakana, ameoa. Siku ya harusi alisema maneno matano, mawili yakiwa "ndiyo". Paa limezibwa. Mizani za soko zima zimeletwa kwangu kukaguliwa, maana bado hajapatikana mwingine anayejua tofauti ya kilo na karibu-kilo.

Sasa la maana. Ule uvimbe wa shingoni uliouona Desemba wameukata na kuupeleka maabara. Ni saratani ya tezi, ile wanayoiita ya Hodgkin. Picha ya kifua inaonyesha tezi nyingine katikati ya mapafu. Usianze kulia, sijamaliza.

Wanasema kazi iliyobaki ni kujua ugonjwa umefika wapi. Ukiwa juu ya kiwambo, kile kinachotenga kifua na tumbo, ni daraja la pili: nitachomwa mionzi ya shingo na kifua, basi. Ukiwa umevuka kwenda chini, ni daraja la tatu, na matibabu ni mengine kabisa. Kwa hiyo wamenitoboa katikati ya vidole vya miguu wakatia rangi ya buluu, wakachana ngozi juu ya wayo, wakapitisha mafuta polepole saa tatu nzima ili tezi za tumboni zionekane kwenye eksirei. Nilikojoa kijani siku mbili. Tezi za tumboni zikaonekana safi. Nikadhani tumemaliza.

Juzi akaja mpasuaji. Wagonjwa wanamwita Nukta, kwa sababu akishasema hakuna kinachofuata. Anasema rangi ile haifiki kwenye bandama, kwa hiyo anataka kunifungua tumbo, alitoe bandama zima, alikate vipande, aone kama ugonjwa umo. Nikamuuliza, na kama haumo? Akasema, "Basi tutakuwa tumejua." Mtu anashuku panya ghalani, anabomoa ghala, halafu anakupongeza kwamba hapakuwa na panya.

Wewe ulinishika tumbo mwenyewe Desemba, sebuleni kwangu, ukasema safi. Wewe ndiye daktari wa ukoo huu. Nieleze kwa ukurasa mmoja. Ukileta mawili nitasoma wa pili tu.

Shangazi yako

*

24 Februari 1979

Shangazi yangu mpenzi, mama yangu wa pili,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ile iliyosahaulika. Nimepokea barua yako nikakaa nayo siku nzima. Unisalimie Bibi kwa sikio lake zima. Hongera kwa Fundi Kimya. Mimi ni mzima, zamu ni nyingi, chumba changu kinatazama ukuta wa boila na kina joto la kutosha kuivisha maembe. Mtihani wa ubingwa ni Juni, na mkuu wa idara ameanza kuniita kwa jina langu badala ya "wewe wa mwisho".

Shangazi, usimchukie mpasuaji. Bandama linakaa juu kushoto, limejificha nyuma ya mbavu. Katika ugonjwa huu ndipo mahali pa kwanza unapopenda kwenda ukivuka kiwambo. Eksirei hailioni vizuri. Kulichoma sindano ni hatari, linavuja damu kama sifongo. Na ugonjwa wenyewe unaweza kuwa vipunje vidogo ndani, huku nje bandama ni la kawaida kabisa. Ndiyo maana wanalitoa, wanalikata vipande vyembamba, wanachukua na kijipande cha ini na tezi chache. Si kubomoa ghala. Ni kukagua.

Ningekushauri ukubali.

Jambo moja dogo. Je, unapata homa? Jasho la usiku linalolowesha shuka? Umepungua uzito? Huwa wanauliza, kwa sababu jibu linaongeza herufi kwenye daraja.

Mwanao

*

11 Machi 1979

Mwanangu,

Salamu zako zimefika zikiwa nyingi kuliko habari. Bibi hajambo. Amemwambia jirani kwamba wewe ni daktari wa bandama, jirani akajibu kwamba ng'ombe wake analo, uje umtazame. Mke wa Fundi Kimya ameanza kunisaidia kusafisha mawe ya mizani, na ana akili: siku ya pili tu aligundua jiwe la gramu mia mbili lililokwanguliwa chini na mwenye duka la nafaka. Mumewe ameshika mawe yale miaka sita hakuona kitu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umetaja sifongo na maembe. Hukutaja hata tarakimu moja. Miaka saba ya chuo, mwanangu, na mtu anakuuliza jambo la hesabu unamletea jambo la matunda.

Nauliza hivi. Kati ya watu mia ambao daktari aliwashika tumbo akasema bandama halipo mkononi, wangapi walifunguliwa likakutwa na ugonjwa? Na kati ya mia ambao alisema limevimba, wangapi walifunguliwa likakutwa safi? Mbili tu. Ukileta sifongo tena nitaioshea vyombo.

Huku naingia na kutoka wodini, na mwenye faili langu ni daktari wa hapo. Namwita Daktari Kalamu, maana tangu Januari hajanigusa hata kwa bahati mbaya. Anasimama miguuni pa kitanda na kuandika. Nilipomuuliza mbona hanishiki, akasema tumbo langu lilikwishapimwa na limo kwenye faili. Nikamuuliza limepimwa na nani. Akageuza ukurasa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Uliniuliza na mengine. Nina kazi.

Shangazi yako

*

9 Aprili 1979

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa ofisini kwa karani siku tisa, na mimi nilikaa nayo nyingine kumi. Nilikuwa na zamu, halafu nikawa na mafua, halafu sikuwa na sababu.

Hizi hapa tarakimu, nimezitoa maktaba. Kati ya mia ambao bandama halikupapasika, ishirini na tano hadi thelathini walikutwa na ugonjwa ndani. Kati ya mia ambao lilipapasika kubwa, karibu nusu lilikuwa safi. Kwa hiyo unaona, hata mkono uliofundishwa vizuri hauaminiki sana kwenye jambo hili. Hakuna wa kulaumiwa. Ndiyo hali ya elimu yetu ilipofika.

Watu waliotolewa bandama wanaishi, Shangazi. Sharti ni moja: homa yoyote, hata ndogo, hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu bandama ni askari wa damu na wewe utakuwa umebaki na lindo tupu.

Bado hujaniambia kuhusu jasho na uzito. Wewe una mizani kumi na nne ndani ya nyumba. Sijui mtu mwingine duniani anayeweza kunijibu kirahisi zaidi.

Mwanao

*

20 Aprili 1979

Mwanangu,

Bibi anakusalimu. Mizani ya posta imeharibika, wameileta kwangu, kwa hiyo barua hii nimeipima mwenyewe.

Tarakimu zako nimezipokea. Asante, zimekuja kama meno ya mtoto, moja moja na kwa kilio. Nikuambie ninavyozisoma. Mizani inayokosea upande mmoja ninaitengeneza kwa skrubu moja. Mizani inayokosea pande zote mbili, leo inazidisha, kesho inapunguza, hiyo haitengenezwi. Naipiga nyundo mbele ya mashahidi wawili na kuandika cheti. Mkono wa daktari juu ya bandama ni mizani ya namna hiyo. Sawa. Kama kati ya mizani mia nilizopiga muhuri ishirini na tano zingekuwa za uongo, ningefungwa, na ningestahili. Kwa hiyo Nukta ana haki. Sikumwambia hivyo, asije akavimba kichwa, tukalazimika kumfungua na yeye.

Lakini umeandika "hata mkono uliofundishwa vizuri". Mkono gani, mwanangu?

Jumanne nilimwomba muuguzi wa zamu anisomee faili. Ni mama mmoja mnene mwenye kicheko, aliwahi kunitetea kwenye foleni ya eksirei. Akasoma: "Tumbo laini. Ini halipapasiki. Bandama halipapasiki." Nikamwambia asome tena. Kisha nikaomba nione kwa macho yangu. Maneno hayo yako mara mbili. Mara ya pili ni mwandiko wa Daktari Kalamu. Mara ya kwanza ni barua iliyobanwa ukurasa wa mbele, barua uliyonipa Desemba niipeleke hospitali, kwa mwandiko wako wa herufi zinazoegemea kushoto kama zinakwepa kofi. Kalamu alinakili neno kwa neno. Amemwamini mwenzake. Kwa nini asimwamini?

Sasa tukumbushane hiyo Desemba. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, sikulala. Nilivaa gauni, juu yake sweta, juu yake aproni ya kazi yenye bisibisi mbili mfukoni. Bibi alikuwa upande wa pili wa meza akichambua maharage. Ulinigusa kwa vidole viwili, juu ya aproni, kama mtu anayepima kama pasi imepata moto. Ukasema, "Tumbo safi, Shangazi." Ukaandika. Kitu pekee ulichopapasa siku ile ni bisibisi.

Madaktari wawili wamesaini tumbo langu na hakuna aliyelishika. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Kazi hii nilijifunza kwa kuvunja saa ya baba na kupigwa, halafu kuitengeneza na kupigwa tena kwa kuivunja. Lakini sijawahi kupiga muhuri mizani ambayo sijaitwika jiwe. Hata siku moja. Hata ya rafiki. Hata siku baba yako, Mungu amrehemu, alipofariki na wateja wakasema, "Piga tu muhuri, dada, nenda msibani." Nilizipima zote saba, ndipo nikaenda kumzika.

Mwandikie Nukta. Mwambie kwa mkono wako kwamba hukunipima. Mimi sitamwambia. Na usinibadilishie habari kwa kuniuliza majasho.

Shangazi yako

*

13 Mei 1979

Shangazi,

Shikamoo.

Ni kweli. Sikukupima.

Niliona haya. Ningekuambiaje wewe ulale chali ufunue tumbo, Bibi amekaa pale, wewe uliyenifunga kamba za viatu? Wagonjwa wengine nawaambia bila kufikiri. Kwako mkono ulikataa. Halafu nikaandika ile sentensi kwa sababu ndiyo sentensi tunayoiandika kila siku, inajiandika yenyewe. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Kila nilipokuandikia nilitaka kusema, nikaishia kukueleza bandama lilipo.

Nimemwandikia mpasuaji. Nakala nimeiambatisha, uisome. Nakala nyingine nimempa mkuu wangu wa idara, kabla hajaisikia kwingine. Ameirudisha mezani akasema mtihani wa Juni nisahau, nirudi wodini mwaka mmoja nijifunze kupima matumbo. Sasa ananiita tena "wewe wa mwisho".

Sitaki unihurumie.

Uzito na jasho, Shangazi. Ni mara ya tatu nauliza.

Mwanao

*

8 Julai 1979

Mwanangu,

Sikukuhurumia, usiwe na shaka.

Kwanza za nyumbani. Bibi aliugua tumbo, akapona kwa hasira. Mke wa Fundi Kimya ni mjamzito, mumewe amefurahi akasema neno la sita. Nimemwachia mke huyo funguo za karakana miezi miwili sasa na hakuna jiwe lililopotea. Naandika nikiwa nimekaa kitandani mwangu na mto umebanwa tumboni, kwa sababu nikikohoa bila mto naiona dunia ya pili.

Nukta aliisoma barua yako amesimama. Akamwita Daktari Kalamu, akamsomea aya moja kwa sauti mbele ya wodi nzima, kisha akanifungia pazia na kuniambia nilale chali nikunje magoti. Ana mikono baridi kama spana. Alianzia chini kabisa, kulia, akapanda polepole kwa mshazari kuelekea mbavu za kushoto, na kila hatua akaniambia nivute pumzi. Akanigeuza ubavu akarudia. Dakika nane kwa saa ya ukutani. Nilimheshimu, ikanikera. Alipomaliza akasema, "Halipapasiki." Nikamuuliza, sasa? Akasema, "Sasa nalifungua vilevile."

Nikampa sharti langu. Nikamwambia nitaingia chumba cha upasuaji siku ambayo nitakuwa nimeikagua mizani ya maabara yao, ile watakayolipimia bandama langu. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Nilikwenda na mkoba wa mawe yangu. Mtu wa maabara akanitazama kama nimekuja kuuza sabuni. Mizani yake ilikuwa inazidisha gramu tisa. Miaka mingapi hajui, na hajui wangapi waliandikiwa gramu tisa zisizokuwa zao. Niliirekebisha palepale, nikiwa na gauni la wagonjwa lililo wazi mgongoni.

Walinifungua tarehe tano Juni. Bandama lilikuwa na gramu mia mbili na kumi na mbili. Muuguzi mnene anasema kwa macho ungesema halina neno: laini, limekaa vizuri, limezidi la mtu mzima kidogo tu. Walipolikata vipande wakakuta vipunje vitano, kikubwa kuliko vyote kama harage. Ini safi. Kwa hiyo ni daraja la tatu. Kama ningechomwa mionzi ya kifua peke yake, wangenipa cheti cha kupona na harage tumboni.

Sasa sikiliza. Najua unachofikiri, maana nakujua ulivyo mwepesi wa kujitua mzigo. Unafikiri: hata ningempima sawasawa nisingelikuta, Nukta mwenyewe hakulikuta. Ni kweli. Hata ungenilaza, ukaanzia chini kulia, ukanigeuza ubavu, ungeandika maneno yaleyale. Haikuondolei kitu. Mizani iliyopigwa muhuri bila kupimwa, ikitokea kuwa sahihi, bado muhuri wake ni wa uongo. Ulibahatisha. Mbahatishaji aliyepatia ndiye namwogopa zaidi, kwa sababu kesho atarudia.

Nimekaa na sentensi hiyo siku nyingi nikijiona mkubwa sana. Halafu wiki iliyopita, nilipokwenda kliniki, Nukta akaja na daktari mwanafunzi mwenye karatasi, wapange dawa. Yule binti akaniuliza kama nilikuwa napata jasho la usiku kabla ya upasuaji. Nikafungua mdomo kusema hapana, kama nilivyomwambia Kalamu Januari, kwa sauti ya mtu anayerudisha mchele wenye mawe. Haikutoka, nikawaambia kweli yote.

Uliniuliza mara tatu. Nakujibu mara moja. Nyuma ya kalenda ya karakana, ukutani, kuna tarakimu kwa penseli. Najipima kila Jumatatu kabla ya kufungua mlango, kwa mizani ya magunia, niliyoipima mwenyewe. Agosti mwaka jana kilo sabini na nne. Oktoba sabini na moja na nusu. Desemba, siku uliyonigusa aproni, sitini na nane. Januari, siku naingia wodini, sitini na tano na nusu. Wao huhesabu aliyepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na sehemu ya kumi ya sabini na nne ni saba nukta nne. Mimi nilikuwa nimepoteza nane na nusu ndani ya miezi mitano, na nilijua hesabu hiyo kabla hawajaniambia kwamba ipo. Shuka nilikuwa nazianika alfajiri Bibi asione. Sikusema kwa sababu mtu akishaandikwa anapungua, watu wanaanza kumkagua, na mimi ndiye mkaguzi. Usiniletee methali ya mficha maradhi. Nimeshajisomea mwenyewe, kwa sauti.

Nukta alisikiliza yote. Akaandika herufi yake mbele ya daraja la tatu. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeweka jiwe dogo la mwisho: "Mama, ungesema Januari, huenda ningekuanzishia dawa moja kwa moja. Pengine bandama ungekuwa nalo."

Hiyo ndiyo nukta yake.

Kwa hiyo hesabu yetu imekaa hivi. Wewe uliandika usichokipima. Mimi nilikipima nikakataa kukiandika. Nilikuwa nikitafuta nani mbaya zaidi, nikaona mizani yenyewe ni sisi, haitafaa.

Dawa zinaanza Jumatatu, mizunguko sita. Naambiwa nywele zitatoka. Bibi amesema heri, zilikuwa zinaingia kwenye maharage. Nimefanya mtihani wa ile homa: saa nane mchana joto lilipanda kidogo, saa tisa nilikuwa hospitali na mkoba wangu. Ilikuwa joto la jua. Nitakwenda tena likipanda tena.

Huo mwaka wako wa wodini, ufanye. Usiuombee msamaha ufupishwe. Kila atakayekuja, mlaze chali, awe mama yako, awe mkwe wako. Kuona haya kubaki sebuleni.

Likizo yako ni Desemba. Njoo. Nitalala chali, Bibi tutamtoa na maharage yake, na utanipima tumbo kuanzia chini kulia mpaka mbavuni, dakika nane, nikihesabu. Kuna kovu refu, lizunguke. Muuguzi aliniuliza kama wafute ile barua yako kwenye faili langu. Nimekataa, ibaki ukurasa wa mbele palepale ilipobanwa. Bandama halipapasiki. Kwa mara ya kwanza ni kweli: liko kwenye chupa ya maabara, gramu mia mbili na kumi na mbili, na hizo ni za haki.

Shangazi yako